DICK TIGER: TUMPIME KWA MIZANI IPI?

Mpenzi msomaji, ukimwuliza mwanafunzi yeyote wa shule hii akutajie bondia wa Kiafrika aliyewika duniani, atakujibu kabla hujafunga mdomo: Robert Wangila. Na hana makosa. Wangila alituletea dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka wa 1988, na kifo chake kule Las Vegas mwaka wa 1994, baada ya pambano, bado kinawauma wazee wetu. Lakini muhula uliopita, katika mdahalo wa Chama chetu kuhusu bondia bora kupata kutoka Afrika, mimi nilisimama nikamtaja Dick Tiger. Ukumbi mzima ukanitazama kana kwamba nimetaja jina la paka wa jikoni.

Mmoja wa wapinzani, ambaye kumbe alikuwa amesomasoma kidogo, akasimama akaniuliza iwapo bondia aliyeshindwa mara 19 anaweza kuitwa bora. Akaongeza kwamba bwana huyo alimaliza siku zake akiwa soja wa kulinda jumba huko Marekani, na kwamba hata kwao Nigeria alikuwa ameasi. Makofi yakalia. Kura zikapigwa, nikaangushwa vibaya sana.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, nami nilikubali. Lakini tangu siku ile jambo hili limekuwa likinikereketa, kwa sababu yote matatu aliyoyasema yule ndugu yalikuwa kweli, na hata hivyo niliona kabisa kwamba Tiger hakutendewa haki. Kwa hivyo nimeona heri niandike maisha yake hapa, polepole, bila kengele ya mwenye saa kunikata kauli.

Jina lake halisi lilikuwa Richard Ihetu. Alizaliwa tarehe 14 Agosti, 1929, katika kijiji cha Amaigbo, mashariki ya Nigeria, katika nchi ya Waigbo. Wakati huo Nigeria ilikuwa chini ya Mwingereza kama sisi. Kwao walikuwa wakulima. Alipoanza kupevuka aliteremka hadi Aba, mji wa biashara ambao mtu asiye na masomo mengi angeweza kujipatia riziki kwa ujanja wa miguu na mdomo. Ihetu alikuwa akinunua chupa tupu na kuziuza. Jioni alikwenda kwenye vilabu ambako vijana walifundishwa ndondi, mchezo ambao askari wa Kiingereza walikuwa wameupenda na kuusambaza. Inasemekana ni Mzungu mmoja aliyemwona akimrukia mpinzani wake ndiye aliyembandika jina la Tiger. Hebu fikiria: simbamarara, mnyama ambaye hata hapatikani Afrika! Tungalikuwa sisi tungalimwita Chui, na mambo yangeishia hapo. Hata hivyo jina lilimganda, akaingia nalo katika ndondi za kulipwa mwaka wa 1952.

Kimo chake kilikuwa kama sentimita 173 tu. Hapa shuleni kuna vijana wa Kidato cha Pili wanaompita. Lakini alikuwa mpana kifuani, shingo yake kama kisiki, na hakujua kurudi nyuma. Wale wanaopenda ndondi za kucheza densi ulingoni, kama za Muhammad Ali, pengine hawangempenda Tiger. Yeye alikwenda mbele, kichwa kimeinama, akila konde moja ili atoe mawili, na konde lake la kushoto la kuzungusha ndilo lililowalaza wengi. Tena hakuwa mtu wa kukumbatia wala kupiga chini ya mshipi. Refa alikuwa na kazi ndogo siku ambayo Tiger alipigana.

Mwishoni mwa mwaka wa 1955 alipanda meli kwenda Liverpool, Uingereza. Mwenzake kutoka Nigeria, Hogan Bassey, alikuwa ametangulia huko, naye mwaka wa 1957 akawa bingwa wa dunia wa uzani wa unyoya. Lakini Tiger hakupokewa na matarumbeta. Baridi ya Desemba ilimkuta na nguo za nchi ya jua. Chakula hakikumwingia. Akapigana mara nne za kwanza, akashindwa zote nne kwa pointi. Kila aliyemwona alidhani atarudi kwao kuuza chupa.

Nawaomba wale wanaohesabu mara 19 wasimame hapa kidogo. Hizo nne ni katika hizo. Mtu hajazoea hali ya hewa, hajui majaji wanatafuta nini, anafanya kazi ya kibarua mchana ili alipe chumba, jioni anavaa glavu. Ukizihesabu, uzihesabu pamoja na baridi yake.

Hakurudi. Alikaa akajifunza kupiga kwa mpango badala ya kupiga kwa hasira tu. Mwezi wa Mei, 1957, alipewa kijana mmoja wa London aliyekuwa akisifiwa sana, Terry Downes, ili kijana apate kupanda ngazi juu ya mgongo wake. Tiger akampasua uso, pambano likasimamishwa. Downes huyohuyo akaja kuwa bingwa wa dunia mwaka wa 1961. Tarehe 27 Machi, 1958, palepale Liverpool, Tiger akamlambisha sakafu Pat McAteer katika raundi ya tisa na kutwaa ubingwa wa Dola ya Uingereza wa uzani wa kati. Mwuza chupa wa Aba sasa alikuwa na mkanda.

Mwaka wa 1959 akavuka kwenda Marekani, maana huko ndiko kulikokuwa na pesa na majina. Huko napo alipanda na kushuka. Mwaka wa 1960 aliupoteza ule ubingwa wa Dola kwa Mkanada Wilf Greaves, na kabla mwaka haujaisha akamrudia na kuutwaa tena. Sitawachosha na kila pambano. Twende moja kwa moja hadi tarehe 23 Oktoba, 1962, katika uwanja wa Candlestick Park, mjini San Francisco. Mbele yake amesimama Gene Fullmer, bingwa wa dunia, mtu wa jimbo la Utah, mgumu kama gogo la mgunga. Fullmer alikuwa amezoea kuwasukuma watu hadi kwenye kamba na kuwaponda. Usiku ule alikutana na asiyesukumika. Raundi 15 zilipokwisha, uso wa Fullmer ulieleza matokeo kabla majaji hawajasoma kadi zao. Tiger akawa bingwa wa dunia wa uzani wa kati, akiwa na umri wa miaka 33.

Wakapambana tena mwezi wa Februari, 1963, huko Las Vegas, wakatoka sare. Basi ikabidi wakutane mara ya tatu, na hapa ndipo penye utamu.

Pambano hilo la tatu lilipelekwa Ibadan, Nigeria, tarehe 10 Agosti, 1963. Mpaka siku hiyo hakuna nchi ya Afrika ya Weusi iliyokuwa imeandaa pambano la ubingwa wa dunia wa ndondi. Sote tunalijua lile la Ali na Foreman kule Kinshasa mwaka wa 1974, ambalo limeimbwa na kuandikwa mpaka basi. Lile la Ibadan lilitangulia kwa miaka 11, na ajabu ni kwamba hata walimu wengine niliowauliza hawakuwa na habari nalo. Jaribu kuvuta picha. Nigeria ilikuwa imejitawala tangu Oktoba, 1960, haijatimiza hata miaka mitatu. Sisi Kenya tulikuwa ndio kwanza tumepata madaraka mwezi wa Juni, na Uhuru wenyewe tunausubiri Desemba. Afrika yote ilikuwa ikitafuta kitu cha kuonyesha. Na tazama, bingwa wa dunia ni Mwafrika, na anayemfuata mkanda huo ni Mmarekani aliyelazimika kupanda ndege kuja kwetu, apigane kwenye joto letu, mbele ya watu wetu.

Uwanja wa Liberty ulifurika. Waliokuwa pale walikuwa Wayoruba, Wahausa, Waigbo na makabila mengine chungu nzima, wote wakimshangilia mtu mmoja. Tiger alimshambulia Fullmer tangu kengele ya kwanza. Ilipofika mwisho wa raundi ya saba, upande wa Fullmer ukaona yatosha, ukamzuia mtu wao asitoke tena. Fullmer hakupigana tena maishani mwake. Mwaka huohuo Serikali ya Uingereza ikamtunuku Tiger nishani ya MBE. Msomaji, iweke nishani hiyo akilini, tutairudia.

Ubingwa haukukaa sana. Desemba, 1963, huko Atlantic City, Joey Giardello alimzunguka kwa ujanja raundi 15 na kuuchukua kwa pointi. Kisha Giardello akawa kama mtu aliyekopa pesa: akionekana upande huu, anahamia upande ule. Karibu miaka miwili ilipita kabla hajampa Tiger nafasi ya kurudiana. Katikati hapo, mwezi wa Mei, 1965, Tiger alimwangusha mara tatu Rubin Carter, bondia aliyekuwa akiogopwa kwa makonde yake. Oktoba 21, 1965, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, Giardello hatimaye aliingia ulingoni, na Tiger akaurudisha mkanda wake nyumbani. Jarida la The Ring, ambalo kwa ndondi ni kama msahafu, lilimchagua bondia bora wa mwaka 1962 na tena 1965.

Aprili, 1966, Emile Griffith alimshinda kwa pointi, na waandishi wengi waliokaa kando ya ulingo waliona ameonewa. Hata hivyo ni siku hiyo alipoangushwa kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ndondi. Umri ulikuwa ukikaribia miaka 37. Wengi walimwambia atundike glavu.

Badala ya kutundika, akapanda uzani. Mwezi wa Desemba, 1966, akamkabili José Torres, bingwa wa dunia wa uzani wa ratili 175, kijana mrefu, mwepesi, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka sita hivi. Tiger alimfuata na kumfuata mpaka akampokonya ubingwa kwa pointi. Mei, 1967, wakarudiana palepale Madison Square Garden. Tiger alipotangazwa mshindi kwa tofauti ndogo sana, mashabiki wa Torres wakaanza kurusha chupa. Ghasia zikazuka ukumbi mzima. Nadhani Tiger alizitazama zile chupa na kukumbuka bei yake.

Lakini wakati New York wanarushiana chupa, kwao kulikuwa kunawaka moto.

Hapa sina budi kueleza kidogo, maana bila hili hukumu yote itapotoka. Januari, 1966, wanajeshi walipindua serikali ya Nigeria, na Julai wengine wakapindua waliopindua. Mwaka huohuo, kaskazini ya nchi, Waigbo kwa maelfu waliuawa, na walionusurika wakakimbilia mashariki wakiwa na walichovaa. Tarehe 30 Mei, 1967, siku 14 tu baada ya Tiger kumshinda Torres mara ya pili, Kanali Ojukwu alitangaza kwamba mashariki imejitenga na kuwa nchi iitwayo Biafra. Julai vita vikaanza. Serikali ya Nigeria ikaizunguka Biafra bara na baharini, chakula kikakatika. Picha za watoto wenye matumbo yaliyovimba na mbavu za kuhesabika zilienea duniani. Waliokufa, wengi wao kwa njaa, wanakadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja. Afrika yenyewe iligawanyika. Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, mwezi wa Aprili, 1968, na Zambia ikaifuata pamoja na Gabon na Ivory Coast. Kenya haikuitambua, wala haishangazi, kwa kuwa sisi wenyewe tulikuwa tumetoka tu katika vita vya shifta, vya watu waliotaka kujitenga huko Kaskazini Mashariki.

Mtu angetarajia bingwa wa dunia afanye nini? Alikuwa na nyumba ya kuishi ng'ambo, ana jina, ana mkanda. Angeweza kunyamaza kimya, akasema yeye ni mwanamichezo na siasa aziachie wanasiasa. Wengi wamesema hivyo na hakuna aliyewalaumu. Tiger alirudi Biafra. Akapewa cheo cha luteni katika jeshi lake, kazi yake kubwa ikiwa ni kuwafundisha askari mazoezi na kuwatia moyo. Kisha akawa anatoka kwenda kupigana Marekani na kurudi vitani. Novemba, 1967, alimtwanga Roger Rouse huko Las Vegas na kumsimamisha raundi ya 12. Nani kati yetu anaweza kusoma hata kwa mtihani wa hesabu huku nyumbani kunapigwa mabomu?

Ni lazima nikiri, kwa haki, kwamba hapa ndipo yule mpinzani wangu wa mdahalo ana hoja nzito kuliko zote. Wapo Wanigeria waliomshangilia pale Ibadan ambao waliona amewageuka. Yule ambaye Wahausa na Wayoruba walimbeba kama mtoto wao, sasa alikuwa amevaa sare ya jeshi linalopigana na watoto wao. Viongozi wa Biafra nao walimtumia: jina lake lilikuwa tangazo ambalo pesa haziwezi kununua. Na waliokufa upande wa pili walikuwa na mama zao pia. Mimi siwezi kusema Biafra ilikuwa sahihi kujitenga. Wasomi wakubwa wamebishana juu ya jambo hilo tangu wakati huo na hawajakubaliana, sembuse mimi wa kidato cha tatu. Ninachosema ni kwamba kuna tofauti ya mtu anayechagua upande kwa faida na mtu anayechagua upande kwa hasara. Tiger alipata nini? Majumba aliyoyanunua nyumbani kwa jasho la ulingoni, badala ya kuweka pesa katika benki za Wazungu, yalimezwa na vita. Wanasema alikuwa mbahili huko New York, hanunui makuu wala haishi kwa anasa, kila senti anaipeleka kwao. Zote hizo zikaenda.

Mei 24, 1968, alitetea ubingwa wake dhidi ya Bob Foster. Mwezi huohuo Port Harcourt, mji mkubwa wa bandari wa Biafra, uliangukia mikononi mwa majeshi ya Serikali ya Nigeria. Foster alikuwa amemzidi kimo kwa zaidi ya sentimita 15, na mikono yake ilikuwa mirefu kama ufito wa kuangulia maembe. Katika raundi ya nne konde moja la kushoto lilimkuta Tiger kidevuni. Akaanguka, na refa akahesabu mpaka kumi. Katika miaka yote ya ndondi zake, hiyo ndiyo mara pekee aliyohesabiwa hadi kumi. Septemba ya mwaka huo, Aba nayo ikatekwa.

Ningefurahi kuandika kwamba hapo alipumzika. Lakini mtu aliyepoteza mali yote na bado ana mke na watoto wa kulisha hapumziki. Oktoba, 1968, alipigana na Frank DePaula, mchezo ambao kila mmoja alimwangusha mwenziwe mara mbili, na ambao The Ring iliuita pambano bora la mwaka. Tiger alishinda, naye alikuwa na miaka 39. Mei, 1969, alimshinda Nino Benvenuti wa Italia, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzani wa kati, ingawa ubingwa haukushindaniwa siku hiyo. Benvenuti aliumia mkono mapema, jambo hilo nalo tuseme. Pambano la mwisho la Tiger lilikuwa Julai, 1970, dhidi ya Griffith, akashindwa kwa pointi.

Sasa ile nishani. Mwezi wa Desemba, 1969, Tiger aliifunga MBE yake na kuituma kwa balozi wa Uingereza mjini Washington. Wiki chache kabla yake mwanamuziki John Lennon alikuwa amerudisha ya kwake, na yasemekana habari hiyo ndiyo iliyompa Tiger wazo. Sababu aliyoieleza katika barua yake ilikuwa wazi: kila akiitazama nishani ile aliwaona watu wa kwao waliokufa, na silaha zilizowaua zilikuwa zikitoka kwa Serikali ya Uingereza. Ulimwengu ulizungumza sana juu ya Lennon. Juu ya Tiger magazeti yaliandika aya chache. Lakini Lennon alikuwa tajiri, na kurudisha kipande kile hakukumpunguzia kitu. Huyu mwingine alikuwa mtu ambaye alikwenda Uingereza akiwa kibarua, akashindwa mara nne mfululizo, akapata heshima yao kwa damu ya pua yake mwenyewe, halafu akaiweka katika bahasha akawarudishia. Mwezi mmoja baadaye, Januari, 1970, Biafra ilisalimu amri. Kwa hivyo hakuna anayeweza kusema aliirudisha akitarajia upande wake ushinde na kumlipa.

Vita vikaisha na nchi yake ya pili ikafutika. Kurudi Nigeria hakuwa na ruhusa, kwa maana alihesabiwa kuwa alipigana na Serikali. Akabaki New York, na hapo ndipo ilipotokea ile kazi ambayo iliwachekesha wenzangu katika mdahalo: alikuwa mlinzi katika jumba la makumbusho la American Museum of Natural History. Bingwa wa dunia wa uzani mbili, amevaa sare, akiwaelekeza watoto wa shule wapi kuna mifupa ya wanyama wa kale. Mimi sioni kichekesho. Kwa kazi hiyo hakumwomba mtu, wala hakuonekana akijikokota kwenye baa kuwasimulia walevi habari za jana, kama tunavyowajua mabondia wengine, wakiwemo wa hapa petu. Alikwenda zamu, akalipwa, akatuma pesa nyumbani.

Siku moja maumivu ya mgongo na tumbo yakamzidi. Madaktari wakampima, wakakuta ni saratani ya ini. Serikali ya Nigeria ilimkubalia arudi. Akarudi Aba, mji ule ule wa chupa, akafa huko tarehe 14 Desemba, 1971. Alikuwa na miaka 42.

Tuseme basi habari ya hizo mara 19. Kwa hesabu inayotumiwa zaidi alishinda mara 60, akashindwa 19, akatoka sare 3. Nimezipekua hizo 19. Nyingi ni za kabla hajawa bingwa, alipokuwa bado anajifunza kazi, Nigeria na Liverpool. Tangu alipoutwaa ubingwa mwaka wa 1962 hadi alipostaafu, alishindwa mara tano tu: na Giardello, na Joey Archer, na Foster, na Griffith mara mbili. Ukimwondoa Archer, hao wote ni mabingwa wa dunia. Na katika miaka hiyohiyo aliwashinda Fullmer, Giardello, Torres mara mbili na Benvenuti. Siku hizi bondia hutunzwa kama yai, anachaguliwa wapinzani wepesi ili kadi yake ibaki safi, na sisi tunaitazama ile sufuri na kupiga makofi. Tiger hakuchaguliwa mtu. Alitupwa mbele ya yeyote.

Je, alikuwa bora kuliko wote waliotoka Afrika? Baada ya kusoma haya yote, sina hakika kama nilivyokuwa na hakika siku ya mdahalo. Azumah Nelson wa Ghana, aliyekuja nyuma yake, alikuwa na ufundi mwingi zaidi wa mikono. Mbele ya bondia mrefu anayejua kutumia urefu wake, Tiger alipata taabu, na Foster alilionyesha hilo kwa dakika chache. Kwa ufundi mtupu pengine ningemweka wa pili. Lakini kwenye mdahalo hatukuulizwa juu ya ufundi peke yake. Mwaka wa 1991, miaka 20 baada ya kifo chake, aliingizwa katika jumba la mashujaa wa ndondi huko Canastota, jimbo la New York. Safari hii kama mmoja wa wanaotazamwa, si kama mlinzi.

Mwalimu mlezi amenidokeza kwamba hoja ileile huenda ikarudishwa mezani muhula ujao. Yule ndugu wa mara 19 namwomba aje mapema, akae kiti cha mbele.